Shangazi, nirudi chuo kwa moduli moja?



Mimi ni mwanamke wa miaka 44, mzaliwa wa Tanga, naishi Leicester, Uingereza, mwaka wa kumi na tano sasa. Nina mume na watoto wawili. Nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee: zamu za usiku, tatu kwa wiki, saa kumi na mbili kila zamu.

Nyumbani nilisoma EGM (uchumi, jiografia na hisabati) kidato cha tano na cha sita, nikafaulu, nikaingia chuo kikuu. Nikiwa mwaka wa pili baba akafariki. Mimi ndiye kifungua mimba. Nilikwenda mazikoni na begi moja, nikakuta duka halina mtu na wadogo zangu wanne hawajui ada itatoka wapi. Nikabaki dukani. Sikuaga chuoni, sikuandika barua, hata vitabu vya maktaba vilibaki kwa mwenzangu wa chumba. Hakuna aliyenifukuza. Baadaye nikaolewa, tukaja huku.

Mwezi wa tisa binti yangu anaanza chuo kikuu. Tangu nimsaidie kujaza fomu zake silali vizuri. Usiku mmoja kazini, wazee wamelala, nikafungua kurasa za Open University nikaona mtu anaweza kusajili moduli moja tu, bila kujifunga na shahada nzima. Nimezitazama mbili: ya hisabati, ambayo roho inaitaka, na ya afya na huduma za jamii, ambayo meneja wangu anasema itanifaa kazini.

Nilimdokezea wifi yangu. Akacheka, akasema hiyo ni shahada ya kuokota vipande, nitaimaliza nikitembelea bakora. Mume wangu nilimgusia tu, akasema, "Umri huu, ili iweje?" Sikuendelea. Halafu kuna mkopo wa serikali, nao una riba, na sisi nyumbani tunajitahidi tusiiguse riba. Nina upatu wa wanawake kumi, pauni 200 kila mwezi. Zamu yangu ya kupokea ni mwezi wa nane, na nilikuwa nimezipangia hela hizo makochi mapya.

Nianze au niache? Na nikianza nikashindwa tena, nitajitazamaje?

Wako, Mama wa Wawili, Leicester

N.B. Binti yangu nimwambie sasa, au ningoje mpaka nifaulu?

*

Mwanangu, pole na kazi za usiku.

Barua yako imejaa wifi, mume, riba na makochi, lakini mimi nimekwama pale ulipopita mbio: "Hakuna aliyenifukuza." Kwa lugha ya wanafunzi wa vyuo vyetu, hukudisko, yaani hukuondolewa kwa kufeli. Hukupata hata sapu, ule mtihani wa marudio. Ulitoka darasani ukiwa mzima, ukaenda kuzika, maisha yakakufungia njia ya kurudi. Na miaka zaidi ya ishirini baadaye bado unavikumbuka vitabu vya maktaba ulivyomwachia mwenzako. Shahada yenyewe umeitaja mara mbili tu, mara ya kwanza kwa kuikwepa na ya pili kwa kunukuu kicheko cha wifi. Kwa hiyo sidhani kinachokukosesha usingizi ni kukosa shahada. Ni kuacha jambo katikati bila kulifunga, na sasa unamwona binti yako akielekea kwenye mlango uleule.

Ndiyo maana jibu langu ni anza, tena anza na moduli moja, kwa sababu moduli moja ina mwisho unaofikika. Ina siku ya kuanza, ina asainimenti zenye tarehe, ina kazi ya mwisho au mtihani, kisha inakwisha na unapewa matokeo yenye jina lako. Mtu aliyeumizwa na jambo lisilokwisha hatibiwi kwa kumpa jingine la miaka kumi. Najua unatazamia nikwambie haba na haba hujaza kibaba. Sikwambii. Methali hiyo inakutaka uwaze kibaba, nawe ukianza kuwaza kibaba utahesabu miaka kama wifi yako na kukata tamaa kabla hujafungua ukurasa wa kwanza. Moduli hii si lazima ijaze kitu chochote. Iache iwe kitu kizima chenyewe.

Hesabu za wifi yako, kwa haki, si mbaya. Shahada ya heshima ya Uingereza ni krediti 360. Moduli nyingi za Open University ni za krediti 30 au 60. Ukichukua krediti 30 kila mwaka utafika 360 baada ya miaka kumi na miwili, na chuo chenyewe hakishangai, kwa maana kinaruhusu shahada moja isomwe hadi miaka 16. Njiani kuna vituo: krediti 120 zinaweza kukupa Cheti cha Elimu ya Juu, 240 zikakupa Diploma. Lakini nani amekuambia unasaini miaka kumi na miwili? Unasaini kuanzia Oktoba hadi Juni. Juni ikifika utakaa na matokeo yako mkononi, uamue kama unataka nyingine. Ukitaka, zile krediti 30 kwa kawaida zinaweza kuhesabiwa kwenye cheti au shahada utakayoichagua baadaye, ingawa zina umri wake na si vizuri kuzilaza miaka mingi. Usipotaka, umemaliza ulichokianza, na hilo ndilo lililokuwa likikudai.

Tuje kwenye uchaguzi, maana hapa nina maoni makali. Chukua hisabati.

Meneja wako anazungumza kama meneja. Moduli ya afya na huduma za jamii ni nzuri, na huenda hata mwajiri akaichangia ukimwomba. Ya hisabati hatatoa senti. Lakini fikiria utakavyoisoma. Umetoka zamu asubuhi, usiku kucha umekuwa na mzee anayekuita kwa jina la dada yake aliyekufa zamani, umembadilisha shuka, umemtuliza. Umelala, umeamka, umewapikia wanao. Unafungua kitabu, na ukurasa wa kwanza unakuuliza habari za wazee wanaopoteza kumbukumbu. Wapo wanaoweza, na kwao elimu ya namna hiyo huifungua kazi wanayoifanya wakaiona upya. Wewe umeniandikia kwamba roho inataka hisabati. Kwa mtu anayesoma akiwa amechoka, hamu ndiyo itakayomketisha mezani saa tatu za usiku mwezi wa Februari, baridi imemganda kwenye vidole. Faida ya kikazi haina nguvu hiyo. Pia mtu aliyepita EGM akafaulu hahitaji kuniomba radhi kwa kupenda hesabu.

Ila usijirushe. Ubongo uliokaa miaka zaidi ya ishirini bila kugusa milinganyo una kutu, na kutu hutoka kwa kusuguliwa. Chuo hicho kina majaribio mafupi ya bure ya kujipima uko tayari kwa moduli ipi ya hisabati. Fanya moja wiki hii, peke yako, kwa kalamu na karatasi. Kuna pia OpenLearn, masomo ya bure waliyoyaweka wazi tangu mwaka 2006. Hayana krediti, hayana mkufunzi, lakini yatakuonyesha kama sehemu na asilimia bado zinakutii. Jaribio likikuonyesha umesahau mengi, zipo moduli za maandalizi, na wenye kipato kidogo wanaweza kuzisoma bila ada. Hazihesabiwi kwenye shahada, kwa hiyo usizikimbilie kwa woga tu. Wanawake wa umri wako wana tabia ya kujishusha ngazi moja chini ya uwezo wao ili wasidhalilike. Acha jaribio likwambie, usiache aibu ikwambie.

Sasa saa. Hapa ndipo watu wazima wanapoanguka, wala si kwenye akili.

Krediti moja huhesabiwa kuwa saa kumi za kusoma. Krediti 30 ni saa 300. Zigawe kwa majuma ya kati ya Oktoba na Juni, utapata saa nane au tisa kwa juma. Saa nane zinasikika kama chache mpaka ujiulize zitatoka kwa nani, kwa sababu hakuna saa katika wiki yako isiyo na mwenyewe. Asubuhi baada ya zamu ni ya usingizi, na hiyo usithubutu kuigusa. Hisabati inayosomwa kichwa kikiwa kimejaa usiku ni kupoteza karatasi. Jumamosi ni ya harusi za jamaa wa Leicester, Birmingham na London, maana Watanzania na Wakenya wa huko siku hizi hawamalizi kuoana. Jumapili ni ya simu za nyumbani: mama, mashangazi, mdogo wako anayetaka kukusimulia habari za kiwanja. Halafu kuna makundi ya WhatsApp, la ukoo, la msiba, la mtaa, la upatu, na kila moja linadai pole na hongera zake kwa wakati, la sivyo watasema mtu wa Ulaya ameanza kujisikia.

Kwa hiyo kaa chini na kalenda ya zamu zako za mwezi, uandike saa hizo kwa wino. Ningekushauri jioni mbili za siku usizofanya kazi, saa mbili kila moja, na asubuhi moja ndefu ya mwisho wa juma, saa nne. Zitakuwa nane. Kisha uamue mapema utakayekosana naye. Utakosa harusi kadhaa. Toa mchango wako na uombe udhuru. Simu za nyumbani uzipangie siku, uwaambie sababu. Mama yako wa Tanga, aliyekuona ukirudi na begi moja, ukimwambia, "Mama, Jumapili asubuhi nasoma," sidhani kama atanuna.

Kama ukipima ukaona saa nane hazipatikani mwaka huu, kwa sababu binti anahama, au kuna mgonjwa nyumbani, au mmepunguziwa kipato ikabidi uongeze zamu, basi baadhi ya moduli huanza Februari. Kungoja kwa tarehe si kuacha.

Mume wako. Nimeona jinsi ulivyoandika: ulimgusia, akauliza, hukuendelea. Umefanya swali lake kuwa hukumu. Hebu lisome tena. "Umri huu, ili iweje?" Nusu ya kwanza ni kero, na unaweza kumsamehe. Nusu ya pili ni swali la haki kabisa, na ukweli ni kwamba hujamjibu. Kama jibu unalotaka kumpa ni kwamba mshahara utapanda, usimpe, kwa sababu moduli moja ya hisabati haitapandisha mshahara wa mtu yeyote kwenye nyumba ya wazee, naye si mjinga, atajua. Mpe jibu la kweli: kuna jambo uliliacha ulipofiwa na baba, unataka ulimalize, litachukua saa nane kwa juma hadi Juni, na litagharimu kiasi fulani. Mwanaume aliyeoa mwanamke aliyelea wadogo zake wanne kwa duka la marehemu baba yake anaweza kulielewa jibu hilo kuliko lile la mshahara.

Kuna mchezo wa jukwaani wa Willy Russell, uliotoka mwaka 1980 na kufanywa filamu mwaka 1983, uitwao Educating Rita. Msusi wa Liverpool anajiunga na Open University, na mumewe, akiona mkewe anabadilika mbele ya macho yake, anachoma vitabu vyake. Waingereza wengi wa rika lako wanaijua hadithi hiyo. Sikutajii ili umwogope mwenzio. Nakutajia kwa sababu yule mume hakuogopa vitabu, aliogopa kuachwa nyuma. Na kuficha huongeza woga wa namna hiyo. Akikuta umesajiliwa kimya kimya, umelipa kwa hela za upatu, unasoma kwa simu chooni, hatafikiria hisabati. Atafikiria mengine, na kila mwanamke wa Pwani anajua ni yapi. Mwambie kabla hujalipa. Usimwombe ruhusa kama mtoto, wala usimtangazie kama hakimu. Mwambie kama mnavyoambiana mkitaka kununua gari.

Pesa na riba. Mimi si mufti, na hukmu ya mkopo wa wanafunzi wa Uingereza waulize wanavyuoni unaowaamini. Wenyewe wana maoni yanayotofautiana. Ninachoweza kukueleza ni hali ilivyo. Kwanza, sheria ya elimu ya juu ya mwaka 2017 iliipa serikali uwezo wa kuanzisha mkopo usiogongana na masharti ya Kiislamu. Uwezo uko kwenye karatasi, na kuna vijana walioingia chuo na kutoka wakingali wanasubiri. Pili, kwa wanaoishi England kama wewe, mkopo wa kawaida wa ada ya masomo ya muda hauna kikomo cha umri, lakini hautolewi kwa anayesoma moduli pekee isiyofungamana na kitu. Ni lazima ujiandikishe kuelekea cheti au shahada, na usome angalau robo ya mzigo wa mwanafunzi wa kutwa, ambayo ndiyo hizo krediti 30 kwa mwaka. Serikali imetangaza utaratibu mpya kwa masomo yanayoanza Januari 2027 utakaoruhusu mkopo kwa baadhi ya moduli pekee, lakini wewe riba imekukaa rohoni, kwa hiyo mlango huo nao si wako.

Kwa hiyo mwanamke asiyetaka riba anaulizwa swali moja: je, ninazo taslimu? Na hapa udogo wa moduli unakusaidia kweli. Ada ya moduli ya krediti 30 kwa mkazi wa England ni karibu pauni 2,000. Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini ni pungufu. Ada ya mwaka mzima wa binti yako huwezi kuitoa mfukoni. Pauni 2,000 unazo mwezi wa nane: wanawake kumi, mia mbili mbili. Sijui wangapi wamewahi kuuona upatu wao kama mfuko wa elimu ya juu usio na riba, lakini ndivyo ulivyo, na mabibi zetu waliucheza kwa ajili ya mabati na kanga bila kuiomba benki yoyote idhini. Chuo kina mipango ya kulipa kwa mafungu. Ukishawishika nayo, uliza kwanza kama ina riba, maana mara nyingi inayo. Makochi yasubiri. Kwa miezi tisa utakuwa unakaa zaidi kwenye kiti cha meza.

Halafu umri. Umeandika 44 kama mtu anayekiri kosa.

Hicho chuo unachokitaka kilitengenezwa kwa ajili ya watu wa aina yako, si kwa vijana. Harold Wilson, kiongozi wa chama cha Labour, alitoa wazo lake hadharani mwaka 1963, na aliyelisukuma likawa chuo ni waziri Jennie Lee, binti wa mchimba makaa ya mawe wa Scotland, huku wakubwa wengi wakilicheka. Hati ya kifalme ilitolewa mwaka 1969. Januari 1971 wanafunzi wa kwanza, zaidi ya 20,000, walianza: walimu wa shule, mama wa nyumbani, wafanyakazi wa viwandani, wakiamka alfajiri kutazama mihadhara kwenye BBC kabla ya kwenda kazini. Hakikuwauliza vyeti vya kuingilia, na wewe hakitakuuliza. Wa kwetu nao wana chao: Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kupokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1994, na kimesomesha walimu na watumishi waliokuwa na wajukuu.

Lakini kuna habari ya zamani zaidi ambayo binti wa Tanga anapaswa kuijua. Mwaka 1974, kwa Azimio la Musoma, chama tawala, TANU, kiliamua kwamba wanaomaliza kidato cha sita wasiingie chuo kikuu moja kwa moja. Waende kwanza kazini, na ndipo waombe chuo wakiwa na ushuhuda wa mwajiri na chama. Kwa muda fulani mtu mzima mwenye mshahara na watoto ndiye aliyekuwa mwanafunzi wa kawaida wa chuo kikuu nchini mwako, na kijana wa miaka kumi na tisa ndiye aliyekuwa kioja. Sasa sikiliza lililofuata. Baada ya miaka michache wanawake waliondolewa sharti hilo, kwa sababu iligundulika kwamba wakishatoka kwenda kazini, wengi hawarudi. Ndoa, watoto na majukumu ya jamaa yalikuwa yakiwameza njiani. Yaani kilichokupata wewe pale dukani, nchi ilikwishakiona na kukiandikia sera kabla hujazaliwa. Ilichofanya ni kuwaharakisha wasichana waingie mapema. Ilichosahau ni kuwajengea njia wale waliokwisha kumezwa. Unayoitazama usiku kazini, wazee wakiwa wamelala, ndiyo njia hiyo, ila imejengwa na wengine.

Unaniuliza ukishindwa tena utajitazamaje. Hilo "tena" nalikataa, nimekwisha kusema kwa nini. Lakini tuseme mambo yamekwenda kombo. Kuna namna mbili za kukwama, na zina uzito tofauti. Ya kwanza ni kupata alama mbaya. Asainimenti ya kwanza huenda ikarudi imejaa maandishi ya mkufunzi, na utajisikia vibaya kwa siku mbili. Yasome maandishi hayo yote, mpaka la mwisho. Hayo ndiyo unayoyalipia zile pauni 2,000, kwa kuwa maelezo ya hisabati yenyewe yamejaa duniani bure. Namna ya pili ni kunyamaza. Zamu zimeongezeka, mtoto kaugua, tarehe imepita, unaona haya kumwandikia mkufunzi, wiki inakuwa mwezi, na siku moja unagundua umeshaondoka bila kuondoka. Hii ndiyo unayopaswa kuiogopa, kwa sababu ulishaifanya mara moja, ingawa safari ile ulikuwa na jeneza la baba mbele yako na hakuna wa kukulaumu. Safari hii mwandikie mkufunzi kabla ya tarehe, hata sentensi mbili: nimekwama, naomba siku kadhaa. Wakufunzi wa chuo kile wamezoea watu wenye zamu, wagonjwa na misiba. Siku za nyongeza hupatikana kwa anayeomba mapema. Na hali ikizidi, unaweza kuahirisha moduli kwa utaratibu, uulize na habari za ada kabla, kisha uirudie. Ukiahirisha kwa maandishi, umeaga.

Kuhusu chuo chako cha zamani, usianze kukifukuzia krediti za miaka ile. Vyuo vingi huweka kikomo cha umri kwa masomo wanayoyatambua, na mbio za transkripti kutoka Leicester zitakumalizia hamu yote kabla ya Oktoba. Vitabu vya maktaba naamini mwenzako alivirudisha.

Wifi ana haki ya kucheka na wewe una haki ya kutomletea habari mpaka Juni. Ila kama moyoni unataka kusoma ili umnyamazishe, niandikie upya, kwa sababu kwa hilo saa 300 ni nyingi mno.

Na hiyo N.B. yako. Mwambie binti, lakini baba yake aanze kujua. Usingoje ufaulu, atakuwa ameshakuona na daftari, naye si mtoto. Usimfanye mshindani wala usimkalishe kitako kumsimulia uliyoyakosa kwa ajili ya wengine, hiyo ni mizigo asiyostahili kubebeshwa siku anazofunga masanduku. Mwambie tu unaanza moduli ya hisabati Oktoba, na kama alisoma hisabati sekondari, akuachie kalkuleta na vitabu vyake kabla hajaondoka. Vya kwake ni vya mwaka huu. Vyako viko Tanga.